Ukungu wa Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi, nishike mkono maana hata chakula hakinishuki, mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu ni kutenganisha aina za ukungu wa nafaka zinazofanana kama mapacha, kwa macho huwezi, kwa hiyo tunapima kemikali ambazo kila aina hutoa halafu kompyuta inapiga hesabu na kuzipanga makundi, na bosi wangu ndiye baba wa mchumba wangu, na zamani aligundua aina mpya akaipa jina la mkewe, yaani mama mkwe wangu mtarajiwa, na cheti kimetundikwa sebuleni, wageni huonyeshwa kabla hata hawajakaa, sasa juzi nikagundua kwamba Mzee aliukuza ukungu wa Mama kwenye uji wa shayiri na ule wa kawaida kwenye viazi, nikaukuza wote kwenye viazi, kompyuta ikaweka kundi moja, nikarudia mara tatu, kundi moja tu, nikamdokeza Mzee, akasema, "Kijana, hiyo mashine ina vumbi, ifute," nimeifuta, na mchumba anasema, "Ukimwaibisha mama, harusi utaisikia kwa majirani," na harusi ni mwezi ujao, suti imeshashonwa, je, nikifuta zile sampuli saba za Mama nilizokuza kwenye viazi ili makundi yabaki mawili kama zamani nitakuwa nimekosea sana? Ah, nilisahau, ukungu wa kawaida una sumu ya ini, wa Mama ilisemekana hauna, na Ijumaa Mzee anasaini barua ya kuruhusu kiwanda kisage magunia ya nafaka yaliyoota huo wa Mama.

Mkwe Mtarajiwa

Mkwe Mtarajiwa, pole. Kumwambia mama mkwe kwamba kisayansi hayupo si kazi ya mchezo. Pole yenyewe imeishia hapo.

Umenieleza cheti, umenieleza suti, na sumu umeikumbuka ukiwa unafunga bahasha! Watu watasonga ugali wa unga huo, watoto watanyweshwa uji wake, na wewe unaniuliza kama utakuwa umekosea sana. Umenikasirisha, mwanangu.

Sampuli saba usiziguse. Kosa la Mzee si dhambi: aliulisha ukungu mmoja vyakula viwili, kisha akashangaa kuona tofauti. Nikikulisha wewe maharage mwezi mzima na ndugu yako maziwa, halafu nikawanusa, nitasema hamkuzaliwa tumbo moja? Dhambi itaanza akisaini huku wewe unajua. Tena itakuwa yenu wawili.

Mchumba wako mwambie hivi: mama yake ameponea chupuchupu, maana jina lake lilikuwa njiani kwenda kutajwa wodini. Akinuna, mwache anune. Mzee mpe matokeo kwa maandishi, nakala kwa mkuu wa maabara aliye juu yake, na umwombe kwa heshima zote aukuze mwenyewe, kwa mikono yake, kwenye viazi. Pengine atakufukuza. Pengine atakushukuru mwakani. Hilo si la kushughulikia leo.

Barua yako imenifikia Jumatano, na namba uliyoandika nimeipigia mara nne bila kupokelewa. Jina la kiwanda umelificha, la sivyo ningeshawapigia mimi. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Liweke chini uwapigie sasa hivi, waambie magunia yale yasiguswe.