Tunda la Joka Uliloniachia

Mama Kabula, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kando ya vyungu vyako, kisu kikiwa magotini. Kimebaki chungu kimoja chenye mmea hai, na hicho nacho sina hakika.

Unakumbuka siku uliporudi kutoka Somanda na vipande viwili vya mmea usio na majani, umevifunga kwenye kanga? Alikupa mke wa yule mwenye duka la vitambaa, akasema nduguye aliyeuleta kutoka ng'ambo huuita tunda la joka. Majirani walicheka. "Mke wa mwalimu kaenda mjini kuchukua manyara!" Walidhani ni ule mti wa utomvu tunaozungushia maboma yetu. Ukawajibu, "Subirini. Mtakuja kuomba mbegu, nami nitakuwa nimesahau majina yenu."

Nami nikaanza kufundisha, unanijua. Mmea huu hupanda nguzo. Basi acha shina moja, kata machipukizi ya pembeni ili nguvu iende juu. Ukifika kichwani mwa nguzo, kata ncha, matawi yainame kama mwavuli, maana hayo ndiyo huzaa. Kidonda kiache kikauke kwa hewa. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukanipa kisu. "Haya, mwalimu. Mmea umeelewa. Sasa kata."

Tunda tulikula moja tu pamoja. Ugali ulikuwa umeshakushinda, lakini lile ulilimeza, midomo ikawa myekundu. "Nimependeza?" ukaniuliza.

Ulipokwisha kuondoka tulihamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, kila mlango unatazama mgongo wa nyumba nyingine. Nilipakia vyungu kwenye mkokoteni wa ng'ombe kabla ya kitanda. Vingine vilipasuka njiani.

Masika haya nilipogoa matawi yaliyochoka, kisha nikaenda Maswa kumwona kaka yangu mgonjwa. Kabula wetu akaona vidonda viko wazi, akavionea huruma. Akavipaka mavi mabichi ya ng'ombe, kama tunavyopaka sakafu na ghala na kila kitu tunachotaka kidumu. Niliporudi alikuwa akinisubiri mlangoni. "Baba, nimeufunga vidonda vyote. Mama angefurahi." Nikamshukuru: "Wabeja, mwanangu." Lakini unyevu ulikuwa umeshaingia ndani.

Mmea ukioza, kanuni ni kukata hadi uone nyama ya kijani, ngumu. Asubuhi nilikata, nikakuta kahawia. Nikashuka chini kidogo, kahawia. Shina limebaki kimo cha kiganja, na kwa saa nzima nimekuwa nikikuandikia ili nisikate tena.

Nimeweka kalamu chini, nimekata. Ni kahawia hadi kwenye udongo.

Ningekuja kukueleza mwenyewe. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kwenye mahame yetu, kule tulikohamishwa, nikakuta shamba la pamba la kijiji limefika pale tulipokuzika. Trekta limepita. Mawe tuliyokuwekea yamesukumwa ukingoni pamoja na visiki. Nilivua kofia, nikasimama katikati ya matuta yanayofanana yote, nisijue nigeuke upande gani kukusalimu. Kabula sijamwambia. Anadhani tutakwenda pamoja baada ya mavuno.

Lala, mke wangu, popote ulipo katika pamba ile.

Mimi mumeo,
Baba Kabula