Vidole vya Mama

Matrah, Novemba 1967

Mdogo wangu mpenzi Kheiria,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe, mumeo na wanao. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, na joto ndiyo kwanza limeanza kutuhurumia. Bi Rahila anaondoka kesho, ataipitisha Mombasa mpaka ikufikie Unguja.

Mama ulimi wake haujarudi. Maradhi yale yalimwachia mikono, yakamchukulia maneno. Tangu baada ya Idi akawa anachezesha vidole juu ya mapaja yake, kisha anatutazama kwa hasira kwa kuwa hatumwelewi. Tukadhani anataka kuleta uradi. Mume wangu Harub akamletea tasbihi nzuri kabisa, akaitupa! Harub akasema basi asomewe Yasin. Mimi nikaona ndiyo anaaga, nikalia kama mtoto.

Jirani yetu Jamna, mke wa Banyani muuza vitambaa, kazaliwa Wete kule Pemba, na Kiswahili tunachozungumza naye humchosha mumewe. Utotoni alifunzwa ngoma za kwao. Alimtazama Mama kitambo, akaniambia kwamba katika Kisanskriti, lugha kongwe ya dini yao, kuna neno abhinaya, maana yake kuibeba hisia kwa mikono na macho mpaka imfikie anayetazama. Nikamwambia hayo ni ya wacheza ngoma, Mama yangu hata harusini hachezi. Akanicheka. Akasema kosa letu tunatazama vidole tu, tuyatazame na macho yake.

Nikamtazama. Macho ya Mama yalikuwa baina ya magoti yake, pale mtu anapokaa kusukwa. Kheiria, alikuwa anakusuka wewe! Nywele zangu hizi fupi hazikumshughulisha kamwe. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa pale kila Alhamisi, ukilia kwa kuvutwa.

Basi nikavua mtandio, nikampa chanuo, nikakaa. Akanisuka, akanibusu utosini, akalala usingizi mtamu. Tangu siku hiyo nakaa kila alasiri, na naona machoni mwake kwamba mimi ni wewe. Sijamkatalia. Wivu ninao, sikufichi, lakini furaha yake inanishinda.

Sasa sikiliza lililonitia kalamu mkononi. Juzi alipomaliza kunisuka, aliinama akawa anakuna nazi isiyokuwepo, huku anatazama mlango wa jikoni na machozi yanamtoka. Safari hii sikumhitaji Jamna. Kwetu mkuna nazi alikuwa nani kama si mimi? Amekupata wewe, sasa anamtafuta Muhsina, yaani mimi. Nikakimbilia jikoni, nikatoka na sahani ya wali ili anione. Alitabasamu kidogo, kisha vidole vikaanza tena kukusuka.

Hangaikia ruhusa ya kutoka Unguja uje kwetu, mdogo wangu, kwa njia yoyote. Nimekutamani mpaka nimechoka. Mama anataka mabinti wawili, nami niko mmoja.

Harub anakusalimu sana. Wabusu watoto, na kila anayetuuliza mwambie tungali tunamkumbuka.

Dada yako akupendaye,
Muhsina