Kiti cha Mama Fransiska kwenye Ushirika wa Masweta, Katesh

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu utuache asubuhi ile ya Jumatano, uji wako ukiwa bado wa moto mezani. Ndugu zangu wameniachia mimi, Judica, niandike, kwa kuwa ndimi niliyebishana nawe zaidi.

Hapa Katesh unakumbukwa kwa masweta ya shule. Mlianza wanawake wanne na mashine mbili za kufuma kwenye chumba cha nyuma ya soko, mkajiita ushirika huku watu wakiwacheka. Leo mashine ni tisa na hakuna anayecheka, hasa mwezi wa saba baridi ya mlimani inaposhuka.

Hukupenda kelele asubuhi. Chai ulikunywa bila sukari, na ukataka nasi tukubali kwamba ni tamu. Aliyepita mlangoni bila shikamoo ulimwita arudi, hata akiwa mteja.

Na ulikuwa na sheria yako. Kwa babu, kijijini Endasak, majirani walipolimiana kwa zamu, shamba la asiye na maksai lililimwa kwanza, maana yeye mvua haimsubiri. Sheria hiyo ukaileta mjini: mashine ikipatikana, anakaa yule ambaye kwao hakuna hata mmoja mwenye kazi. Ndivyo alivyoingia Philomena, mjane wa Gendabi. Ndivyo alivyoingia Lameck, aliyekuwa akishinda stendi akisubiri mizigo ya kubeba, na masweta yake yakawa mazuri kuliko ya wanawake wengi.

Mimi nilikuwa na cheti cha ufundi wa kufuma. Lakini Baba ana karakana yake ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo kila mara nilirudishwa mwisho wa orodha. Miaka mitatu, Mama. Nikakuambia mbele ya wanachama, "Wewe ni mama wa watu, siyo mama yangu."

Hukuinua sauti. "Mwanangu, wewe umekula leo," ulisema. "Subiri."

Nikapanda basi kwenda Babati kuosha vyombo hotelini. Sikukupigia simu miezi mitano.

Niliporudi ulikuwa kitandani. Siku kumi na moja nilikuogesha na kukupikia, tukazungumza habari za maharage na mvua. Kukuomba radhi nilikuwa naahirisha, nikidhani nafasi bado ipo. Haikuwepo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya matanga, Mzee Julius, mwenyekiti wenu, alinipeleka kwenye mashine yako.

"Kaa, mwanangu. Hiki kiti ni cha mama yako, hakuna atakayesema neno."

Nilikaa. Kilikuwa kiti nilichokitaka kuliko kitu chochote. Kisha nikamuuliza, "Mzee, kwenye orodha ni nani ambaye kwao hakuna mwenye kazi?"

Akamtaja Lucia wa Getanuwas, ambaye ng'ombe wa kwao waliisha kwa ukame. Nikainuka, nikampisha. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, nusu kwa hasira, na ndiyo siku niliyokuomba radhi.

Unakumbukwa na mumeo Yohanes, wanao Emanuel, Judica na Clement, mkweo Perpetua, mjukuu wako Sebastiani, na wanachama wote wa ushirika. Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, kisha chai nyumbani.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, pamoja na zile ulizotuudhi.