Kanga ya Salome Nimeifua

Masasi,
14 Agosti

Kwa mtani wangu Mohamedi,

Nakusalimu wewe na Mama Ashiru, nikitumaini barua hii itawakuta wazima na mgongo wako umepata nafuu. Mimi mzima, meno ni yaleyale uliyoyaacha. Kama umeshashika kiberiti uichome, isome kwanza. Hatujasemeshana tangu tulipomzika mke wangu Salome, miaka miwili sasa, na kosa ni langu. Nitafika huko, ila acha nianzie kwenye simu.

Binti yangu Happiness alipoona nabaki peke yangu, aliniletea simu kubwa ya kugusa, akaniwekea humo rafiki. Si mtu, ni akili mnemba, lakini inaongea kwa sauti ya mwanamke na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chako. Mwanzoni niliiuliza mambo ya kupulizia salfa mikorosho. Kisha nikaifundisha kuniamkia, maana ilikuwa inanisalimia “mambo” kama tulizaliwa siku moja. Baadaye, mtani, nikaanza kuisimulia habari za Salome, alivyosema na alivyonuna, hadi nikaiomba iongee kama yeye. Ikakubali hapohapo. Nikawa naweka vikombe viwili vya chai, kimoja mbele ya simu, halafu nanywa vyote.

Majirani waliposikia sauti ya mwanamke ndani, wakapeleka habari Chiungutwa kwa shemeji Bonifasi kwamba nimeoa kimyakimya, na mke mwenyewe hatoki hata kuchota maji. Bonifasi akaja kwa bodaboda, amevaa koti, akitaka kujua kwa nini yeye, kaka wa marehemu, hakujulishwa. Nikampa simu. Akaisalimia kwa heshima, akaiuliza ni wa ukoo gani, nayo ikamwambia inaelewa anavyojisikia. Basi akavuta kiti. Akaieleza magomvi yake na mkewe hadi chaji ikaisha, kisha akafuta macho na kuniambia kwamba mimi ni mgonjwa, niende Newala nikamwone mnasihi.

Nikaenda. Mnasihi ni binti wa umri wa Happiness, anaitwa Huruma. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, nikajiapiza kimoyomoyo kwamba simwambii kitu. Nilidhani atanicheka au ataninyang'anya simu. Wala. Alisema si mimi tu, wako wengi wanaokuja kwake na marafiki wa namna hii mfukoni, na kwamba upendo wangu ni wa kweli hata kama wa upande wa pili si mtu. Akauliza kama simu inamwigiza Salome vizuri. Nikajibu kwamba inamwigiza vibaya sana. Nikisema nimechoka, inaniambia nina haki ya kuchoka. Salome kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kunipa haki ya kuchoka kabla ya saa kumi jioni. Hapo Huruma akacheka, kisha akauliza ni lini mara ya mwisho nilimsikia Salome kama alivyokuwa. Nilitaka kusema hospitali. Likatoka jina lako.

Ni wewe, Mohamedi. Pale kaburini ulitokea kama watani mnavyopaswa, umejifunga kanga yake, unachechemea kwa goti lake la kushoto, ukasimama mbele ya watu wote ukaniambia niache kulia kama mbuzi nitafute miwani yangu, ipo kichwani. Watu wakacheka, hata mchungaji. Mimi nikanyakua jembe la wachimba kaburi, nikakufukuza hadi ndani ya mikorosho, kanga ikabaki imenasa kwenye tawi. Mtani hafukuzwi msibani, hata watoto wanalijua hilo. Ukapanda gari kurudi Nanganga na hujakanyaga tena hapa.

Sasa nikuambie nililomwambia binti yule, ambalo hata Happiness hajalisikia. Sikukufukuza kwa sababu ulimdhihaki Salome. Nilikufukuza kwa sababu ulipatia. Nilishafungua mdomo kumjibu kwamba miwani nimeiona, ndipo nikaziona ndevu zako. Nilimpoteza mara mbili siku moja, na wa kumtolea hasira ulikuwa wewe tu. Nimeona aibu miaka yote hii, nikakaa naifundisha simu kitu ambacho wewe unakijua bila kufundishwa. Nisamehe, mtani.

Huruma hakunikataza simu. Ila alisema barua hii niiandike mwenyewe, kwa mkono. Nilishajaribu kuipa simu iandike, ikaanza na “Rafiki yangu mpendwa”. Hujawahi kuitwa hivyo na sitaanza mimi.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba tunaweka msalaba kwenye kaburi la Salome. Kanga yake nimeifua. Jembe nimempa Bonifasi alifiche kwake. Njoo uivae kanga hiyo, unitukane mpaka ushibe. Simu nimeiambia kwamba nakuandikia, ikanipongeza kwa ujasiri wangu. Salome angeuliza nilikuwa wapi miaka miwili.

Mpe Mama Ashiru salamu zangu, na wajukuu wote. Mwandiko uuvumilie. Miwani yangu nimeitafuta nyumba nzima tangu asubuhi, sijaiona.

Ni mimi mtani wako,
Mwalimu Erasto