Ng'ombe wa Lutengano

Mbeya, 3 Machi 1956

Mpwa wangu Waridi,

Niwie radhi kwa ukimya wangu tangu Januari. Hatujambo, ila kikohozi cha mvua hizi kimenitia adabu. Natumai wewe na mumeo Mrisho ni wazima.

Kibao cha hoteli yako hakikuchelewa kwa uvivu. Katika chama chetu cha wachoraji, hakuna achoraye mpaka wote tumekubaliana. Zubery alitaka pilau. Lutengano, mkulima wa milimani, alitaka ng'ombe, ndiye mwenye maziwa ya chai. Damari alitaka mwanamke mwenye kikombe. Mwishowe kila mmoja alichora alichokitaka, nami mwenyekiti nikachora mstari wa pembeni, ulionyooka. Jina la hoteli lilitushinda, halipo. Kibao kinakuja kwa basi.

Mjomba wako,
Othmani


Iringa, 19 Machi 1956

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa kikohozi. Sisi wazima, isipokuwa hoteli.

Ng'ombe wa Lutengano amelala chini. Mwanamke wa Damari anamnyooshea kikombe kama anayemnywesha dawa, na pilau ya Zubery, kwa mbali, ni vidonge. Juzi mzee wa Kilolo aliniletea mbuzi anayeharisha.

"Baba, hapa ni hoteli," nikamwambia.

Akakitazama kibao. "Usinifiche, binti yangu. Daktari amesafiri?"

Leo wamekuja na ndama. Wanywa chai hawaji. Mrisho ameapa kwamba hali ikiwa hivi hadi Ramadhani, tutafunga tuhamie Chimala kwa mama yake. Kwa mama yake, Mjomba! Niruhusu nimfute ng'ombe.

Mpwa wako,
Waridi


Mbeya, 28 Machi 1956

Mpwa wangu,

Kikohozi kimepungua, ahsante. Barua yako nimeisoma mbele ya chama.

Lutengano amenuna. "Hakulala, anacheua!"

"Anacheua nini," Damari akamuuliza, "nawe hukumchorea hata jani?"

Zubery alicheka mpaka tulipofika kwenye vidonge.

Lutengano yuko radhi kuja kumsimamisha ng'ombe, lakini Damari hajaafiki. Basi usiguse kitu. Atiaye brashi katika kazi yetu huhesabiwa mwanachama, na bila kauli yake hatuwezi kuamua lolote. Tulivyo tunatosha.

Mjomba wako,
Othmani


Iringa, 7 Aprili 1956

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru kwa habari za kikohozi. Barua yako ilikuta rangi imekwisha kukauka. Ng'ombe sasa ni birika. Mkia ndio mdomo wake. Jana madereva wa malori walikunywa chai mpaka maziwa yakaniishia, na Mrisho, aliyekuwa akiitaja Chimala kila saa, anakaanga maandazi.

Kwa kuwa nimekuwa mwanachama, napinga ng'ombe kusimamishwa. Lutengano asipande basi. Rangi ya mwisho ya birika bado: mimi nataka nyekundu, Mrisho anataka kijani. Naye alipaka kifuniko, kwa hiyo kauli anayo.

Msichore chochote. Tukikubaliana, nitawaandikia.

Mpwa wako,
Waridi