Kitenge cha Kumwinulia Sungu

Baba,

Mwangaluka. Nakusalimia kama nilivyokusalimia kila asubuhi, nimekunja goti mlangoni, kikombe cha chai mkononi, na wewe unajifanya hujaamka ili nikusalimie mara ya pili. Ulipenda kusalimiwa, mzee wewe. Siku hizi nikiamka sina wa kumkunjia goti. Nafungua mlango, naangalia uani, kisha najiitikia mwenyewe: mhola duhu, salama tu.

Nakuandikia kwa sababu ya mbwa wako. Ungekuwepo ungecheka. Mtu mzima, ana shamba la kupalilia, amekaa kwenye kigoda anamwandikia marehemu habari za mbwa! Cheka tu. Lakini jambo hili nimelizungusha kichwani mpaka kichwa kinauma, na hapa nyumbani hakuna mwingine wa kumuuliza.

Sungu hawezi tena kusimama, Baba.

Ngoja nianzie mwanzo. Siku tuliyokuzika pale nyuma ya nyumba, karibu na minyaa, Sungu alilala pembeni ya udongo mbichi na watu walipotawanyika hakuondoka. Matanga yakaisha. Kaka Masanja akaswaga ng'ombe akaenda nao kwake Mwanhuzi, kama mlivyokubaliana, boma likabaki tupu. Tangu hapo Sungu akawa wa kulala tu. Yule uliyempa jina la Sungusungu, kwa vile alilinda boma kuliko wale walinzi wa kijiji wenyewe! Nikimwita anakuja polepole, kiuno kinayumba, kucha za miguu ya nyuma zinakwaruza chini.

Majirani waliokuja kunipa pole walimtazama wakatikisa vichwa. "Anamlilia mwenyewe," walisema. Mmoja akaongeza kwamba mbwa huyu ana adabu ya msiba kuliko watoto wa siku hizi. Nami nikaamini. Tena nilifurahi. Jioni nilikuwa nakaa naye kule nyuma, nimeegemea ukuta, namsimulia habari zako, yeye kalaza kidevu chini. Nilijiambia, hata kama kaka zangu wamerudi kwao na simu haiiti, angalau tuko wawili tunaoomboleza.

Tulikaa hivyo msimu mzima. Pamba ilichumwa, ikauzwa, mashina yakang'olewa, sisi tunaomboleza.

Aliyeshtuka ni Mama Limi, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, yule uliyemwita redio kwa kuwa hazimiki. Alikuja kuazima ungo, akamwona Sungu anavuka uani, akasimama. "Ng'wanawane, mwanangu, huzuni gani hiyo inayotoboa mguu?" Ndipo nikaangalia. Vidole vya nyuma vilikuwa vimejikunja, anakanyaga kwa upande wa juu wa mguu badala ya nyayo, ngozi imechubuka inatoa damu. Nyuma yake kulikuwa na mistari miwili kwenye vumbi, kama mtu aliyeburuta fimbo. Mistari hiyo nilikuwa naifagia kila asubuhi na sikuwahi kujiuliza imetoka wapi.

Tukamtia kwenye tenga, tukampakia kwenye bodaboda mpaka Bariadi kwa daktari wa mifugo. Ungemwona! Ameinua kichwa, anawakagua watu wa mjini kana kwamba yuko doria. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama abiria huyo anang'ata. Nikamwambia anang'ata wezi tu. Akasogea mbele kwenye kiti mpaka tulipofika.

Daktari alimsimamisha, akaushika mguu mmoja wa nyuma, akaugeuza ukakanyaga chali, akauachia. Mbwa mzima angeurudisha papo hapo. Sungu aliuacha vilevile, akanitazama, akatikisa mkia kidogo. Hakuwa na habari kwamba ana mguu. Daktari akaniambia ni ugonjwa wa uti wa mgongo, unaowapata mbwa wakizeeka. Mishipa inayopeleka habari miguuni inakufa taratibu, inaanzia nyuma, kisha ugonjwa unapanda mbele. Alisema hawezi kuapa bila vipimo vikubwa, ila dalili zote ni hizo, na dawa ya kuuponya hakuna. Mgongo wenyewe haumuumi, ndiyo maana halii.

Nikamuuliza kama msiba unaweza kuuleta. Akanitazama kwa upole. "Hapana, mama. Huenda ulianza mzee akiwa bado hai."

Sijui kama utanielewa, Baba. Niliporudi siku ile ndipo nilipokulilia peke yangu kwa mara ya kwanza. Kumbe Sungu hakuwa anaomboleza. Alikuwa mgonjwa tu. Pengine alilala pale kaburini kwa sababu udongo ulikuwa laini na umepoa. Kumbe muda wote ule nilikuwa peke yangu na sikujua. Nilimnunia hata yeye. Siku mbili tatu nilimwekea chakula bila kumsemesha, naye alikula na kulamba sahani kama kawaida yake.

Nilipomwona analamba sahani, nikakukumbuka wewe. Ulikuwa ule mwaka wa ukame, mimi bado binti mdogo, ng'ombe wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Wakilala, asubuhi hawainuki. Ulikuwa unatuamsha sote. Wewe unashika pembe, Masanja anashika mkia, mimi na marehemu mama tumepitisha mti chini ya tumbo, halafu haya, kwa pamoja! Ng'ombe anasimama anatetemeka, kisha anaelekea malishoni utadhani hakuna kilichotokea. Kesho yake tunaanza tena. Nilikuuliza tutawainua mpaka lini. Ukajifuta mikono kwenye suruali, ukasema, "Anayekula tunamwinua. Akikataa majani, tunamwacha apumzike." Kwako mambo yaliishia hapo.

Basi nikachukua kitenge cha mama, kile cha maua ya njano kilichopauka, nikakikunja, nikakipitisha chini ya tumbo la Sungu karibu na miguu ya nyuma, nikashika ncha zote mbili juu. Yeye anatembea kwa miguu ya mbele, mimi namfuata nimemnyanyua kiuno. Miguu ya nyuma nimemvisha soksi zako za kijivu zisimchubuke. Usinune, hazikuwa na kazi nyingine. Wapita njia wanacheka, "Kabula anapelekwa na mbwa!" Nami nacheka, kwa sababu ni kweli. Mwanzo tulikuwa tunaanguka wote. Baadaye Mama Limi akawa anakuja asubuhi kushika ncha moja, anaongea njia nzima, Sungu amelaza masikio kama wewe ulivyokuwa unafanya akianza.

Na kila jioni, saa zile ng'ombe walizokuwa wanarudi, Sungu ananivuta mpaka kwenye lango la boma. Anasimama pale, pua juu, anatazama njia ya malishoni. Hakuna kinachokuja. Akiridhika anageuka mwenyewe, tunarudi. Sijui anamngoja nani, wewe au ng'ombe. Siku hizi sitaki hata kujua. Nasimama naye tu, natazama njia hiyohiyo.

Masanja alinipigia simu. Alikuwa amesikia. "Mbwa ni mbwa, Kabula. Tafuta mtu ammalize, usijitese." Nikamuuliza kama amesahau nani alikuwa anashika mkia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anakula?"

Wakati ule alikuwa anakula.

Sasa hii ndiyo habari iliyonikalisha hapa. Ugonjwa umepanda kama daktari alivyosema. Miguu ya mbele nayo inatetemeka, kifua kinagusa chini, ubavu una vidonda hata nikimgeuza mara ngapi. Na tangu juzi amekataa chakula. Nilimpa ugali na maziwa, akageuza uso. Nikajaribu dagaa, nikajaribu maini, yale uliyokuwa unamtupia kwa siri mama asione. Jana alichukua kipande mkononi mwangu, akakishika mdomoni kwa heshima, halafu akakiweka chini taratibu. Nilikichukua nikampa tena. Akafumba macho.

Jibu lako nalijua, Baba. Nimekuandikia nikitumaini utakuwa na jingine.

Nimempigia daktari, atakuja kesho asubuhi na sindano ya kumlaza. Mama Limi atakuwepo, ameniahidi atanyamaza, tutaona. Nitamzika langoni mwa boma. Nilitamani nimlaze karibu yako ila watu wangesema mpaka wachoke, na mwenyewe pale langoni ndipo alipofanyia kazi. Soksi nitamwachia.

Leo jioni nitamwinua kwa mara ya mwisho. Hata kama miguu yote imegoma nitambeba, tusimame pale mpaka atakapogeuka mwenyewe.

Ninachokiogopa ni keshokutwa. Asubuhi nitaamka na hakuna wa kumfungia kitenge. Unakumbuka nilivyo, nikifiwa chakula hakipiti. Ulipoondoka nilikaa siku kadhaa na chai kavu, na aliyenitoa kitandani ni Sungu, alikwaruza mlango akidai chakula chake. Sasa atakwaruza nani? Mama Limi amesema atakuja kila asubuhi kuazima ungo. Ungo anao wake, Baba, nimeuona umeanikwa juu ya paa.

Nakuahidi nitamfungulia. Nitamsalimia kwa kukunja goti, nitapika michembe ya viazi, nitakaa naye chini, na sahani itarudi jikoni tupu. Wewe pumzika, na Sungu akifika mpokee. Usihangaike juu yangu.

Mimi bado nakula.

Mwanao,
Kabula