Kibati Kilicholala Tribinali

Kasongo, tarehe 28 Juni 1954

Kwa dada yangu mpenzi Mwanvua, Kabambare,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba homa ya Fatuma imekwisha kabisa. Sisi huku ni wazima wa mwili, mama anakula vizuri na anakusalimu. Mimi moyo ndio mgonjwa, tena kwa hasira.

Barua yako nimeipata jana. Unasema shemeji Ramazani, mume wako, amefungwa siku kumi na nne kwa kuendesha baiskeli bila kile kibati cha namba cha kodi, na kwamba analima barabara juani pamoja na wezi wa mbuzi. Unaniomba nije kumtetea, kwa kuwa nimezoea tribinali, mahakama ya Wazungu. Nimezoea, ndiyo! Acha nikueleze.

Mwezi wa tatu polisi alinisimamisha sokoni, akauliza kibati changu kiko wapi. Kilikuwa nyumbani sandukuni, kimefungwa kitambaa pamoja na karatasi ya kodi, kama sisi wote tunavyoweka kitu cha serikali. Nani atakiacha nje kwenye baiskeli, mvua ikile na mwizi akibandue? Nikakipeleka tribinali kwa mikono miwili. Mzungu anayehukumu hakukitazama hata kidogo. Karani wake Gaston akanitafsiria huku anacheka: "Plaki ya mu mukono haiko plaki." Yaani kibati cha mkononi si kibati, lazima kikazwe kwenye baiskeli. Nikatozwa faini, na kibati wakakishika, eti ni ushahidi.

Sikia sasa, dada. Juma lililofuata polisi yule yule akanikamata. Kibati kiko wapi? Nikamwambia kiko kwenu, mmekilaza kabatini! Nikarudishwa tribinali, nikawaonyesha kabati kwa kidole. Gaston akasema kesi ya kwanza ni ya kwanza na ya pili ni ya pili. Faini tena. Nilipodai kibati changu, wakakitafuta, hakikuonekana. Kipya hakitolewi mpaka Januari. Mara nne nimekaa kwenye benchi lile toka asubuhi mpaka jioni, nafukuzwa kama kuku. Wajinga wale! Wanapoteza ushahidi, halafu wao ndio wanaohukumu! Na mara ya tatu, wakaniahidi, ni boloko, jela. Bila baiskeli nitapelekaje chumvi na sabuni vijijini? Mama atakula nini?

Sasa nitaandika jambo ambalo mkono unalikataa. Ramazani alikuwa amekaza kibati chake kwenye baiskeli, tena kwa shauri langu mwenyewe, baada ya kesi yangu ya kwanza. Siku ya Idi, nilipokuja kwenu, mlipokwenda kusali nilisema tumbo linaniuma, nikabaki. Nikakitoa kwa kisu. Nilijidanganya kwamba polisi wa Kabambare hawasumbui watu. Tangu siku hiyo napita mbele ya tribinali na kibati chake, na hakuna anayesoma namba. Yeye hakunishuku hata mara moja, na hilo linaniuma kuliko faini zote.

Barua hii inatangulia na lori la leo jioni; mimi kesho alfajiri naondoka kwa miguu, nitalala njiani Wamaza. Kibati ninacho mfukoni. Nitapita kwanza kwa Mzungu wenu kusema mwizi ni mimi. Najua atanifunga. Najua pia anaweza kunifunga bila kumfungua Ramazani, na hapo sijui nitafanya nini.

Wabusu watoto. Ramazani usimpe salamu zangu. Mwambie tu ni nani aliyemfunga, kabla sijafika.

Ndimi ndugu yako wa tumbo moja,
Faradji